Viza ya Maral na Jina la Reyhan

Kijiji cha Incesu,
Kars.
12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Sona,

Salamu nyingi zikufikie huko Bremen, wewe, shemeji Nevzat na mapacha. Natumaini nyote mko wazima. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anakula chumvi kwa kificho, au siku hizi umemdhibiti? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Mursel amekohoa wiki mbili na kukataa kwenda kwa daktari, kwa hiyo ujue hana ugonjwa wowote ila ule aliozaliwa nao, ukaidi.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati kila Jumapili tunazungumza kwa simu. Nilijaribu kukwambia habari hii kwa simu zaidi ya mara moja, na kila mara niliishia kukuuliza bei ya nyanya huko. Kwa simu tungelia tu, mdogo wangu. Barua inanipa nafasi ya kupumua katikati.

Kwanza habari za nyumbani. Mabata bukini wamenona mwaka huu, wanatembea kama mabwana shamba. Theluji ya kwanza haijaanguka, kwa hiyo bado hatujawachinja. Kila ninapowaona nakukumbuka ulivyokuwa ukilia siku ya kuchinja, ukijificha nyuma ya zizi na kuapa kwamba hutatia mdomoni, halafu nyama ikishushwa ni wewe wa kwanza kudai paja. Mama alikuwa akisema machozi yako yanachangamsha tumbo. Nimekuwekea wawili wa kukausha, hata kama huji.

Zizi la zamani la baba yetu tumelibomoa. Nilidhani nitafurahi, maana lilikuwa limeinama miaka yote, lakini Mursel alipong'oa mlango nilisimama pale nikaona uchungu. Mlango ule ndio tuliochongea urefu wetu kwa kisu, wewe ukisimama kwa vidole ili unizidi. Nimeutunza ghalani. Mursel anauliza utatumika wapi, nami namwambia asiniulize.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, nalo ni la binti yangu Maral.

Kuna viza wanayopewa vijana ya kwenda Australia, wakae mwaka wakitembea na kufanya kazi hapa na pale ili kujikimu. Rafiki yake Pinar aliipata, akawa anachuma cheri na kutuma picha, kila picha na kofia kubwa kuliko ya jana yake. Maral, kama ujuavyo, anauza jibini katika duka moja pale mjini tangu amalize chuo. Kiingereza chake amekipata kwa watalii wanaoshuka kwenye treni na kuonja jibini za bure mpaka washibe. Basi mwaka jana alikuja nyumbani akaniambia naye anataka kuomba.

Nilimuuliza huko atafanya kazi gani. Akasema kuna mashamba ya ng'ombe wa maziwa.

“Na ng'ombe wa baba yako wana kasoro gani?”

“Wanajua Kituruki tu,” akanijibu.

Ulimi huo ameurithi kwako, usinibishie. Nilicheka. Nilidhani ni wazimu wa msimu, kama ule wa kutaka kujifunza gitaa. Lakini alikuwa ameshafanya mtihani wa lugha na ameshaweka akiba, na nilipomtazama vizuri nikaona uso ule wa mtu ambaye ameshaondoka moyoni na mwili tu ndio umebaki. Ulikuwa na uso huo huo mwaka ulioolewa.

Sharti lao kubwa ni umri. Ukishatimiza thelathini na moja, mlango umefungwa. Maral wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane. Lakini kitambulisho chake kilisema ametimiza thelathini na moja mwezi wa Mei, na kilisema pia kwamba jina lake ni Reyhan.

Wewe unajua kwa nini. Hata hivyo niache niandike, maana tangu yatokee sijapata kuyasema yote kwa mpigo mmoja.

Reyhan alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Baba mkwe alikuwa anakwenda mjini kuuza ndama, akamwandikisha huko huko, akampa jina la marehemu mkewe. Mtoto alipotimiza miaka miwili ulikuja kukaa nasi malishoni mlimani kiangazi kizima, nawe ukiwa na miaka kumi na mitano, kwa sababu mimi nilikuwa na mimba ya Maral na harufu ya maziwa ilikuwa inanitapisha. Ulimbeba Reyhan tangu asubuhi. Ulikamua naye mgongoni, ukateka maji naye mgongoni, mpaka wapita njia wakadhani ni mtoto wako, nawe ukanuna. Kile ndicho kiangazi kizuri kuliko vyote nilivyopata kuishi. Majani yalikuwa yanatufika kiunoni. Jioni tulikaa mlangoni tunakunywa chai, kipande cha sukari shavuni, na Reyhan anatembea kutoka kwako kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda kwako, mpaka anaanguka usingizi katikati ya njia.

Halafu surua ikaja mwishoni mwa Agosti. Haikuchukua mtoto mwingine ila wetu. Mursel na jirani yetu Ziver walimchukua wakaenda naye upande wa mteremko, na sisi wanawake tukabaki nyumbani kama ilivyo desturi. Uliniziba masikio kwa viganja vyako ili nisisikie sepetu. Mikono yako ilikuwa inanuka maziwa, na siku hiyo sikutapika.

Maral akazaliwa Februari, theluji imefika dirishani na barabara imefungwa. Baba mkwe akasema kitambulisho cha msichana kipo, hakuna haja ya kumsumbua karani. Simlaumu, Mungu amrehemu. Nusu ya kijiji walifanya hivyo. Ziver mwenyewe anatumia vyeti vya kaka yake aliyekufa, na alipelekwa jeshini kabla hajaota ndevu.

Unakumbuka tulivyompeleka shule? Tulimchelewesha makusudi, na bado karatasi ilisema ana miaka minane na yeye hajatimiza sita. Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama nyumbani tuna chakula cha kutosha. Nilitaka kummwagia ndoo ya maziwa. Mwaka mzima nilimpelekea siagi mwalimu yule ili aone.

Lakini kuna jambo hujui. Asubuhi nilipopeleka maziwa pale shuleni nilikuwa nasimama chini ya dirisha la darasa. Mwalimu alikuwa anaita majina. Alipofika kwake aliita, “Reyhan,” na sauti ndogo ikajibu, “Nipo.” Basi mimi nilikuwa nachukua ndoo yangu narudi nyumbani, na siku yangu yote inakuwa nzuri. Nilijua vizuri kwamba anayejibu ni Maral. Sikuwa mwendawazimu. Ila jina lilikuwa likiitwa na mtu alikuwa anaitika, na hilo lilinitosha. Alipopata cheti, jina lilikuwa Reyhan. Uchaguzi ulipofika na karatasi za wapiga kura zikaletwa nyumba kwa nyumba, mwenye kuzileta alisimama mlangoni akaita Reyhan, nami nikatoka mbio. Miaka yote hiyo serikali nzima ilikuwa inaniambia kwamba mtoto wangu yuko hai, na mimi sikuwa na haja ya kuikosoa.

Kwa hiyo ombi la viza lilipokataliwa siku ile ile alipojaza mwaka wa kuzaliwa, Maral alikuja nyumbani hakula. Baba yake akamwambia labda si riziki yake. Akajibu taratibu, bila kuinua macho.

“Baba, anayezeeka kwenye karatasi si mimi.”

Akaenda kwa wakili. Wakili akasema kesi za namna hiyo zipo nyingi huku kwetu na zinashindwa au zinashinda kwa mashahidi. Mahakama ingehitaji kusikia kwamba mtoto wa kwanza alikufa, lini, na amezikwa wapi, ndipo imfute miongoni mwa walio hai na kumwandika Maral kwa jina lake na mwaka wake. Na wa kusema hayo, kabla ya mtu mwingine yeyote, ni mama.

Nilikataa. Nilikataa kiangazi kizima, Sona. Nilimwambia kila mtu ni kwa sababu ya safari, kwamba Australia ni mbali, kwamba nitakufa yeye akiwa anakimbizana na kangaruu. Maral hakudanganyika. Siku moja tukiwa tunageuza jibini ghalani akaniuliza moja kwa moja kama nitakwenda mahakamani au sitakwenda, nami nikamwambia neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilimwambia, “Nimzike dada yako ili wewe ukakamue ng'ombe wa watu?”

Aliosha mikono, akapanda basi la mjini, na wiki tano hakuja nyumbani. Akipiga simu anazungumza na baba yake kuhusu hali ya hewa.

Aliyenigeuza ni Mursel, na unajua yule mtu haongei ila kuna moto. Tulikuwa malishoni, mwisho wa Agosti. Niliona ametoka na sepetu ndogo nikamfuata, maana nilidhani ameona mfereji umeziba. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mteremko. Mawe yalikuwa yamesogea kwa theluji na kwato za ng'ombe, naye akapiga magoti akaanza kuyapanga upya, moja baada ya jingine, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Miaka yote hiyo tunapanda mlimani, mimi sikupata kufika pale. Nilikuwa napitia njia ya chini. Nikamuuliza kama hufanya hivyo kila mwaka. Akasema kila mwaka, tukifika na tukiondoka.

Nikaanza kulalamika kuhusu wakili, kuhusu mahakama, kwamba wote mnataka nimuue mtoto mara ya pili. Aliniacha nikaishiwa maneno. Halafu akasema, “Telli, mimi nilimzika. Wewe tu ndiye hujamzika.”

Nilikaa chini kwenye majani. Hasira zilinipanda, kisha zikaniishia, maana alikuwa amesema kweli. Nilimsaidia kupanga mawe yaliyobaki. Jiwe moja lilikuwa jeupe na nikaliweka upande wa kichwa, naye akalihamisha, kwa sababu mimi sikujua kichwa kiko upande gani. Ndipo nilipolia, mdogo wangu, kama sikupata kulia hata ile siku yenyewe. Tuliposhuka nikampigia simu Maral nikamwambia amwambie wakili wake kwamba mama atakuja.

Kesi ilichukua majira yote ya baridi. Walimpeleka Maral hospitali kupigwa picha za mifupa, na daktari akasema mifupa ya mtu mzima haisemi sana, inaweza kuwa ya ishirini na saba au ya thelathini na mbili. Basi ikabaki midomo yetu.

Aprili tukaitwa. Ziver alivaa koti lake la harusi, ambalo halifungi tena. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani, mpole. Akamuuliza Ziver ni mwaka gani mtoto alifariki. Ziver akasema ni ule mwaka ng'ombe wa manjano wa Bahri alipotumbukia bondeni. Hakimu akamuuliza ng'ombe alitumbukia mwaka gani. Ziver akafikiri sana, akasema, “Mheshimiwa, siku mbili baada ya kifo cha mtoto.” Karani akainama chini ya meza kama anayetafuta kalamu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, pale pale. Hatimaye Ziver akakumbuka kwamba ngozi ya yule ng'ombe iliuzwa wiki ile alipozaliwa mwanawe wa pili, na mwana huyo ana cheti cha hospitali, basi hesabu ikakamilika.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejifunza maneno aliyonifundisha wakili, yote ya kiserikali, na yote yakaruka. Hakimu akaniuliza tu, “Mama, mwanao Reyhan yuko wapi?”

Nikasema, “Amefariki, binti yangu. Alifariki malishoni, ana miaka miwili, meno yake ya mbele yote yameshaota.”

Karani akanikata jicho kwa sababu nimemwita hakimu binti yangu. Hakimu akamwashiria aniache. Akaweka kalamu chini, akangoja mpaka nikamaliza kujifuta uso, kisha akaniuliza swali la pili, nimezaa watoto wangapi. Sona, kila daktari, kila karani, kila mwenye kuhesabu watu aliyewahi kuniuliza swali hilo nilimjibu mmoja. Siku ile nikasema wawili. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilitegemea kutoka mle nikiwa nimepungukiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu mlimani. Tulishuka ngazi za mahakama, Maral amenishika mkono. Tukaingia mkahawa wa karibu kungoja basi. Chai ikaja. Akaizungusha weee bila kuinywa. Halafu akaniuliza, “Mama, dada yangu alikuwa mtu wa namna gani?”

Alikuwa hajapata kuniuliza. Miaka yote alikuwa ameitika jina la mwenzake, akasoma kwa umri wa mwenzake, na hakupata kuuliza hata swali moja, kwa sababu mimi nilikuwa nimemfanya mtoto wangu mmoja kuwa nguo ya kumvika mwingine. Nilimwambia alikuwa na nywele nyekundu kidogo kwenye jua. Nilimwambia alikuwa anawaogopa mabata na hawaogopi ng'ombe dume. Alikuwa hali siagi mpaka umwambie ni ya paka na akiigusa paka atanuna. Maral alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na anasema, “Endelea.” Basi la kwanza likatupita, na la pili tukalidaka tukikimbia.

Hukumu ilitoka Juni. Maral sasa ni Maral, na ana miaka ishirini na tisa mbele ya dunia nzima. Nafasi za viza zilipofunguliwa aliomba ndani ya saa ya kwanza, huku sisi wawili tumemzunguka na Mursel anapumulia skrini kama anayepoza chai. Wiki iliyopita jibu limekuja. Amekubaliwa. Anaondoka mwezi ujao, kwanza shamba la ng'ombe, alivyosema tangu mwanzo. Nimemwambia nikisikia anaamka kabla ya adhana kwa ajili ya ng'ombe wa mgeni na huku kwetu alikuwa anaamshwa kwa maji, nitakwenda huko mwenyewe. Nitamkosa mpaka mifupa iume. Naandika hivyo kwako tu.

Na juu ya mteremko tumeweka jiwe. Mtu aliye hai kwenye karatasi huwezi kumwekea jiwe lenye jina, lakini sasa tumeweza. Maral ndiye aliyelichagua na kulilipia.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Maral ananiuliza kila siku, na ninayoyajua yanaelekea kwisha, maana kiangazi kile mtoto hakuwa kwangu, alikuwa mgongoni kwako. Kuna jambo moja limenitoroka kabisa. Reyhan hakuweza kusema Sona. Alikuwa na neno lake la kukuita, fupi, analirudia rudia asubuhi akiamka mpaka uje kumchukua. Nimelitafuta mpaka kichwa kimeniuma. Nimemuuliza Mursel, amesema neno, nikasema silo, tumegombana. Wewe huwezi kuwa umelisahau. Niandikie hilo, hata kama huna nafasi ya kuandika kingine. Maral anataka kulijua kabla hajaondoka, nami nataka kulisikia nyumbani humu mara moja tena.

Msalimie sana shemeji Nevzat na uwabusu mapacha machoni. Mursel anakusalimu. Ziver anakusalimu pia, na anauliza kama huko Ujerumani ng'ombe wanatumbukia mabondeni. Maral atakupigia simu mwenyewe, usijifanye hujui habari zake. Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na goti lisilouma, na akukutanishe nasi tukiwa bado tuna meno ya kula bata.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu siku uliyozaliwa,

Telli,
mama wa Reyhan na Maral.